Vijana wa okestra Iringa na watunzi wasiotajwa: jina gani linaandikwa juu ya nota?

Fidla ya Kihesa (mleta uzi)

Wakuu, kamwene. Na ndugu zangu wa Mbeya na Rungwe, ugonile.

Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Nimeubeba moyoni tangu mwezi wa tano, leo nimeamua kuutua hapa.

Nafundisha muziki kikundi cha vijana Iringa mjini. Wapo 23, mdogo ana miaka 10, mkubwa 19. Tuna fidla 9, matarumbeta 5, klarineti 3, filimbi 2, tromboni 2, selo 1 na kijana mmoja wa ngoma. Fidla tatu kati ya hizo ni za kuazima. Ukumbi hatuna. Tunakutana Jumamosi asubuhi kwenye darasa la shule, madawati tunayasukuma ukutani, tukimaliza tunayarudisha. Ndiyo okestra yetu, na naipenda sana.

Siku hiyo tulikuwa tunahangaika na kipande cha Haydn, mtunzi wa zamani wa Austria. Kuna binti wa fidla ya pili, ana miaka 13, mpole, akiuliza kitu ujue amekaa nacho wiki nzima. Akanyanyua upinde badala ya mkono: "Mwalimu, hivi mtu mweusi amewahi kuandika muziki wa namna hii, au sisi tunaupiga tu?"

Hilo "tunaupiga tu" lilinichoma. Nikamwambia wapo, tena wengi. Akasema, "Mbona hawamo kwenye faili?"

Nikalifungua faili mbele yao. Haydn, Mozart, Vivaldi, Handel, Bach, mazoezi ya vidole. Mwisho kabisa kulikuwa na karatasi moja iliyochakaa kwa kurudufiwa, haina jina la mtu yeyote, juu imeandikwa "Wimbo wa Taifa" basi.

Nilitamani kukaa chini. Maana jibu la swali lake lilikuwa kwenye karatasi ile, na tangu ashike upinde ameipiga kila tunapofungua mazoezi. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Aliutunga wimbo ule mwaka 1897 kwa Kixhosa, akauandika kwa sol-fa (do, re, mi), herufi zile zile ambazo mwanakwaya wa kijijini kwetu anazisoma akiwa amefumba jicho moja. Alifariki mwaka 1905, hajafika hata miaka 40. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 tukaupa maneno ya Kiswahili. Mamilioni ya watoto wetu wanamwimba mtunzi Mwafrika mstarini kila asubuhi ya shule, na hakuna anayewatajia jina lake.

Usiku ule nilikaa mezani nikaandika upya sauti zote za wimbo ule kwa mkono, na juu kulia ya kila karatasi nikaweka: E. Sontonga, Afrika Kusini, 1897. Jumamosi nikawagawia. Yule binti alilisoma jina kwa sauti, mara mbili.

Ninacholeta kwenu ni hiki. Tunalipanga faili letu upya, na naomba mawazo ya wanaofundisha vijana huku Nyanda za Juu Kusini, wa kwaya, wa matarumbeta, wa vinanda. Watunzi gani tuwape hawa watoto? Na watunzi wa kwetu, wale walimu wa kwaya ambao nyimbo zao zinazunguka kwa karatasi zisizo na jina, tunawaingizaje?

Mpiga Kinanda Mwanjelwa

Mkuu, hongera kwa kazi, najua ugumu wake. Ila hapa napingana nawe.

Mtoto anayejifunza fidla anahitaji vidole na masikio. Rangi ya mtunzi haikazi uzi wa fidla. Tukianza kuchagua nota kwa kuangalia nani alikuwa mweusi tutaishia kuwapa watoto vipande dhaifu, kisa tu aliyeandika anafanana nao. Wape Mozart na Bach kwanza, misingi ikae. Wakikua watachagua wenyewe.

Fidla ya Kihesa

Kaka, asante kwa kusema wazi. Wengi wanafikiri hivyo, na mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Naomba nijibu taratibu.

Hoja ya vipande dhaifu. Mwaka 1745 alizaliwa Guadeloupe, kule visiwa vya Karibi, mtoto wa mwanamke mtumwa mwenye asili ya Senegali na baba Mfaransa mwenye mashamba. Jina lake Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges. Alikulia Ufaransa, akawa bingwa wa upanga, na kwa fidla akawa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa Paris. Aliongoza okestra zilizosifika. Mwaka 1776 jina lake lilitajwa kuongoza opera ya Paris, baadhi ya waimbaji wanawake wakamwandikia Malkia kwamba hawawezi kupokea amri kwa mtu wa rangi yake. Nafasi akaikosa.

Sasa sikiliza hili. Haydn aliandika simfoni 6, kazi ndefu za okestra, zinazoitwa za Paris. Ziliagizwa kwa ajili ya okestra iliyokuwa chini ya huyu Saint-Georges, na yeye ndiye aliyeziongoza zilipopigwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo binti yangu aliponiuliza swali lile huku ana Haydn mikononi, jibu kamili lilikuwa: mwanangu, mtu mweusi alisimama mbele ya okestra akampa Haydn mapigo. Sikumwambia siku ile. Nimemwambia baadaye.

Na ugumu wake haupungui. Konseto zake za fidla, zile za fidla moja mbele ya okestra, hatuziwezi, vidole vinapanda juu mno. Tulichochukua ni robo zake za mwanzo (vipande vya vyombo vinne vya nyuzi), za mwaka 1773, kila moja ina sehemu mbili tu. Fidla ya pili na besi zinashikika kwa mtoto wa mwaka wa tatu. Fidla ya kwanza tumempa kijana wetu wa miaka 19 na bado anatoka jasho.

Halafu kuna Florence Price, mwanamke mweusi wa Marekani, alizaliwa Arkansas mwaka 1887. Mwaka 1933 okestra kubwa ya Chicago ilipiga Simfoni yake ya Kwanza, na hapo ndipo okestra kubwa ya nchi ile ilipopiga kwa mara ya kwanza simfoni ya mwanamke mweusi. Sehemu ya tatu aliiita Juba. Juba ni mchezo wa watumwa. Kule kusini mwa Marekani ngoma zilipigwa marufuku sehemu nyingi, watu wakageuza miili yao kuwa ngoma: mapaja, vifua, viganja, visigino.

Nilitoa kipande kidogo cha wimbo wake mkuu nikakipanga kwa vyombo vyetu. Kabla ya kuwapa nota nikawaambia wekeni vyombo chini, tupige mapaja. Kaka, hilo darasa! Kwa Haydn nilihesabu moja-mbili-tatu mwezi mzima, mguu unagonga sakafu. Kwa Juba, ule mpigo unaoangukia kati ya mapigo waliupata kabla sijamaliza kueleza. Kijana wa ngoma akaingiza wa kwake chini yake, na haukugombana na kitu. Shida ilikuja kwenye vidole, maana nota zake zina vipandio vingi vya nusu. Vidole tunavifundisha. Lakini ile hali ya kuhisi muziki kabla ya kuuelewa, ambayo mtoto wa Vienna anaipata kwa Mozart bila kuitafuta, wa kwetu waliipata siku ile kwa mara ya kwanza.

Mozart hatujamtoa. Yumo kwenye faili, na atabaki. Wameongezeka majirani.

Tromboni ya Rungwe

Vijana, nimesoma nikiwa kimya tangu jana. Mimi ni mtu mzima, nimepiga tromboni kanisani zaidi ya miaka 40, Moravian. Wamisionari walifika Rungwe mwaka 1891, na matarumbeta yakafuata injili. Sisi alfajiri ya Pasaka tunapiga makaburini, giza bado halijaondoka, umande umejaa, midomo imekufa ganzi kwa baridi. Ukisikia tromboni nne zikiingia pamoja pale hutasahau. Nilikuja kujua uzeeni kwamba ndugu zetu wa Moravian wa Bethlehem, Marekani, wana kundi la tromboni tangu mwaka 1754. Wao na sisi, mila moja.

Nisemalo ni kuhusu karatasi isiyo na jina. Nilipokuwa kijana tulikuwa na mwalimu wa kwaya aliyetunga. Hakusoma muziki chuoni. Alichukua mwendo wa nyimbo za kwetu, zile tulizosikia kwa mama zetu wakilima, akaweka sauti nne. Alikuwa anatuimbia kila sauti mpaka tuishike, ndipo aandike. Karatasi zilikuwa chache, kila mmoja ananakili kwa mkono kutoka kwa mwenzake. Na jina linaanguka wakati wa kunakili. Mtu ana haraka, taa ya chemli inaisha mafuta, anaandika nota, kichwa anakiacha. Mwaka unaofuata mwingine ananakili kutoka kwake.

Mwaka jana nilikwenda mazishini Kyela, wakaimba wimbo wa mwalimu wangu. Nikamuuliza kiongozi wao ni wa nani. Akasema, "Huu ni wa asili, mzee, hauna mtunzi."

Nilimzika yule mwalimu kwa mikono yangu. Alikuwa na jina.

Fidla ya Kihesa

Shikamoo mzee. Nimesoma maneno yako mara tatu. Naomba, kama wimbo huo bado unao kichwani, tuandike. Tuna tromboni mbili na vijana wanaozipenda.

Na mzee, hilo la jina kuanguka lina gharama hata kwa waliokuwa Ulaya. Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London mwaka 1875, baba yake daktari kutoka Sierra Leone. Akiwa na miaka 15 akaingia chuo cha kifalme cha muziki kwa fidla. Mwaka 1898 kazi yake ya kwaya na okestra juu ya harusi ya Hiawatha, shujaa wa shairi la Kimarekani, ilipigwa ikaenea kama moto wa nyikani, vyama vya kwaya vya Uingereza vikaiimba kwa miaka mingi. Yeye haki zote alishamuuzia mchapishaji kwa gini 15, fedha ya zamani ya Kiingereza. Nakala zilizouzwa ni nyingi mno, yeye hakupata zaidi. Aliendelea kufanya kazi kupita kiasi, akafa kwa nimonia mwaka 1912, miaka 37. Uchungu wa habari yake ni moja ya vitu vilivyowasukuma Waingereza kuanzisha chama cha kukusanya haki za watunzi mwaka 1914.

Na wa kwetu yupo mfano mzuri. Ule wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, Walutheri wote wa hapa mnaujua. Mtunzi wa maneno ni Bernard Kyamanywa, aliyaandika mwaka 1966. Wajerumani wanauimba kwa lugha yao, na kwenye vitabu vyao jina lake lipo. Jina halikuanguka kwa sababu kuna mtu aliyeliandika mapema.

Mama wa Makambako

Habari zenu. Mwanangu yuko kidato cha pili, anapiga tarumbeta. Mimi ya watunzi siyajui, nina maswali mawili tu. Je, haitampunguzia masomo? Na la pili, kwa nini kila mwezi wa saba wakipiga na wenye fidla wanapishana sauti? Mwalimu wao anawagombeza kila siku, mwanangu anarudi analia.

Fidla ya Kihesa

Mama yangu, la masomo inategemea ratiba. Sisi tunakutana mara moja kwa wiki, na wiki za mitihani tunafunga. Wa kidato cha nne wanapumzika kuanzia mwezi wa tisa.

La pili, mtoto hana kosa kabisa, mwambie. Ni baridi ya Makambako. Hewa baridi ndani ya tarumbeta hufanya sauti isafiri polepole, tarumbeta inashuka. Wakati huo huo nyuzi za chuma za fidla zinajikunja kwa baridi, fidla inapanda. Mmoja anashuka, mwingine anapanda, na wote wanasoma nota sahihi. Wafike nusu saa kabla, vyombo vikae chumbani vizoee, wa tarumbeta wapulize hewa ya joto bila kutoa sauti dakika kadhaa, ndipo walinganishe. Na tafadhali wasiweke fidla karibu na jiko la mkaa ili ipate joto haraka. Tumepoteza moja hivyo, gundi iliachia ubavuni.

Mjukuu wa Kalenga

Kamwene mwalimu. Babu yangu alikuwa anapiga ligombo. Kwa wasiolijua: ni kipande cha mti kilichochimbwa kama kihori, uzi mmoja mrefu unapita huku na huku juu yake mpaka unakuwa nyuzi nyingi, na kibuyu cha kukuzia sauti. Mpigaji anaimba habari za wakubwa na za vita. Nimesikia kwamba Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Iringa mwaka 1950 akarekodi ligombo la Wahehe, na sauti hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini. Babu alinifundisha kidogo nikiwa mdogo. Swali langu: ligombo linaweza kukaa na okestra, au ndio kulipeleka makumbusho?

Fidla ya Kihesa

Kamwene ndugu. Ni kweli, kumbukumbu za Tracey ziko katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes.

Linaweza kukaa. Ila tusifanye kosa la kulibana ligombo lifuate kinanda. Babu yako alilikaza kwa sikio lake na kwa sauti yake ya kuimba. Fidla haina vipande vya chuma shingoni, kidole kinaweza kwenda popote. Kwa hiyo fidla ndizo zimfuate ligombo, na matarumbeta yakae kimya sehemu hiyo. Njoo nalo Jumamosi. Tutakaa tukusikilize kwanza, hatutaandika chochote siku ya kwanza.

Mpiga Kinanda Mwanjelwa

Nimerudi. Hilo la Saint-Georges kuongoza simfoni za Haydn sikulijua, na nimepiga Haydn miaka 15. Nimekaa nalo usiku kucha.

Niulize sasa kama mtu anayetaka kufanya. Hizi nota zinapatikana wapi, na kuna za Waafrika wa bara lenyewe kwa ajili ya nyuzi? Na vijana wa kwingine wanafanyaje?

Fidla ya Kihesa

Kaka, karibu sana.

Za Saint-Georges na Coleridge-Taylor zipo huru kwenye maktaba ya nota ya IMSLP mtandaoni, muda wa haki zao umepita zamani. Anza na zile Nyimbo 24 za Coleridge-Taylor za mwaka 1905. Ni za kinanda, chombo chako, na baadhi amezijenga juu ya nyimbo za Afrika Kusini na Afrika Magharibi. Ukipenda kuzipanga kwa fidla na tarumbeta, programu ya kuandikia nota, MuseScore, ni bure.

Kwa nyuzi, kuna Fela Sowande wa Nigeria na mfululizo wake wa mwaka 1944, African Suite, sehemu tano. Ndani yake ametumia nyimbo za Ephraim Amu wa Ghana, na anatajwa. Yaani Mnigeria amembeba Mghana mgongoni na jina lake. Sowande alifariki mwaka 1987, kazi zake bado zina wenyewe, kwa hiyo hizo tusirudufu kiholela. Sisi tunachanga tununue seti moja. Siwezi kuwafundisha watoto kuheshimu jina la mtunzi kwa karatasi ya wizi.

Vijana wa kwingine: Kinshasa kuna okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, tangu mwaka 1994, walianza wakigawana fidla chache kwa zamu. Korogocho, Nairobi, wapo Ghetto Classics. London mwaka 2015 Chi-chi Nwanoku, mpiga besi mkubwa, alianzisha okestra ya Chineke! kwa wanamuziki weusi na wa makabila mengine yasiyoonekana sana kwenye kumbi zile, na kuna ya vijana wa miaka 11 hadi 22. Kila tamasha wanaweka watunzi wa namna zote kwenye programu moja. Niliwaonyesha vijana wetu video yao. Yule binti wa fidla ya pili hakusema neno. Alikuwa anaangalia mikono ya wenzake.

Tromboni ya Rungwe

Mwalimu wa Kihesa, nimefanya ulichoniomba. Juzi nilipanda gari nikaenda kwa binti wa yule mwalimu wangu, sasa naye ni bibi. Tulitafuta kwenye sanduku la marehemu, tukapata daftari. Panya wamekula pembeni, lakini nota zinasomeka. Wimbo upo, umeandikwa kwa kalamu ya wino, sauti zote nne, na mwaka. Jina lake liko juu, kwa mkono wake mwenyewe. Binti yake amekubali muupige, na ameomba jambo moja tu, jina liandikwe kubwa. Nimekutumia picha za kurasa kwa ujumbe wa faragha, jina usiliweke hapa mpaka familia yote iambiwe.

Fidla ya Kihesa

Mzee, ndaga fijo. Picha zimefika, nimezikuza nazisoma sasa hivi. Kona ya juu, pale panapoandikwa doh, yaani sauti ya kuanzia ngazi ya wimbo, panya wamepitia. Mlikuwa mnauimba katika doh gani?

Tromboni ya Rungwe

Doh ni F. Tromboni inaingia peke yake mapigo manne, wengine wanangoja.